Shindano la Kila Wiki na Shairi Lisilojibiwa

Mwanafunzi wa Kiswahili anayeishi Keumbu, kando ya barabara itokayo Kisii kwenda Keroka, hana haja tena ya kungoja mchapishaji wa Nairobi ndipo kazi yake isomwe. Simu iliyomo mfukoni humletea mada kila wiki. Aghalabu mada hutangazwa juma linapoanza, idadi ya maneno au ya beti ikatajwa, siku ya mwisho ikawekwa, na kabla juma jingine halijaingia mshindi amekwisha kupongezwa. Mashindano ya namna hii ya utungaji wa kubuni yameenea mtandaoni, na vijana wa Kiswahili hawakubaki nyuma. Wapo wahadhiri wanaoyaona kuwa mchezo wa kupotezea wakati ambao ungetumiwa maktabani. Wapo wanafunzi wanaoyaona kuwa ndiyo shule ya kweli ya uandishi, wakidai kwamba darasa halimfunzi mtu kutunga. Pande zote mbili zimeteleza mahali pamoja: zinamtazama anayeandika na anayeshinda, zikamsahau anayejibu.

Kushindana kwa utungo si jambo lililoletwa na intaneti. Mwanzoni mwa karne ya 19, uhasama wa Mombasa na Lamu ulipofikia kilele katika Vita vya Shela, yapata mwaka 1812, washairi wa miji hiyo miwili walipigana kwa beti kama watu wao walivyopigana kwa silaha. Muyaka bin Haji alisimama upande wa Mombasa, na Bwana Zahidi Mgumi upande wa Lamu. Mashairi ya Muyaka yalidumu vinywani mwa watu miongo mingi baada ya kufa kwake, hata Mwalimu Sikujua wa Mombasa akaweza kuyakusanya kwa ajili ya William Taylor, na hatimaye William Hichens akayachapisha mwaka 1940. Kilichoyadumisha si tuzo, kwa maana hapakuwa na tuzo. Mengi katika hayo yalikuwa jawabu la shairi jingine, au yalidai kujibiwa, na shairi linalodai jawabu husahauliwa kwa shida.

Magazeti yalipokuja yaliurithi mwenendo huo. Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923, liliwapa nafasi watunzi wa bara ambao hawakuzaliwa karibu na bahari wala hawakulelewa katika nyumba za malenga. Nchini Kenya, Baraza, lililodumu tangu mwaka 1939 hadi 1979, na Taifa Leo, ambalo lingali linachapishwa, yalifanya kazi iyo hiyo. Chini ya shairi mtunzi hutia jina lake, lakabu yake na mahali atokapo. Jambo hili dogo lina uzito. Msomaji wa Mombasa hukutana na malenga wa mlimani, akajua kwamba Kiswahili kina wenyewe huko pia. Na msomaji aliyeudhika au aliyependezwa hakutosheka na barua ya kawaida. Alijibu kwa shairi, akifuata bahari ile ile na mizani ile ile, na mara nyingine hata vina vile vile.

Hapo ndipo penye siri ya malumbano. Kumjibu mtu kwa vina vyake ni kulisoma shairi lake mara kumi kabla ya kushika kalamu. Mjibuji hana budi kujua kila neno limekaa pale kwa sababu gani, ni kina kipi kilichomlazimisha mwenziwe kupindisha maana, na ni wapi hoja imelegea. Hakuna zoezi la uhakiki linalomshinda huyu. Mwanafunzi wa shahada anayeandika kurasa kumi kuhusu maudhui na fani anaweza kuepa asiyoyaelewa. Mjibuji hawezi. Akikosea kulielewa shairi, gazeti zima litamwona.

Tuzo nazo zina kazi yake, na haifai kuzibeza. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipata ushindi katika shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa mwaka 1960, na Bwana Msa akaingia katika fasihi yetu. Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na baadaye ikaitwa Safal-Cornell, imewatoa gizani watunzi ambao miswada yao ingeozea sandukuni. Ila tuzo humwinua mmoja au wawili na kuwarudisha wengine nyumbani bila kuwaambia walikosea wapi. Malumbano ya gazetini hayakumwinua mtu sana. Yaliwafundisha wengi. Shindano la kila wiki mtandaoni limechukua umbo la tuzo, pamoja na jopo na mshindi, ijapokuwa mwendo wake wa juma kwa juma unafaa zaidi malumbano.

Mambo yanavyokwenda sasa ni wazi kwa yeyote aliyewahi kushiriki. Mada inatolewa, tuseme "Mvua". Wanaingia watunzi 30. Kila mmoja anatuma utungo wake na kutazama kama umesifiwa. Chini ya kila utungo zinafuatana hongera na vidole gumba, na kila mtu ni malenga, na kila malenga ni gwiji. Hakuna aliyesoma tungo 29 za wenzake. Juma lijalo mada ni "Mama", na mvua ya watu 30 imekwisha kunyesha pasipo hata mmoja kumuuliza mwenziwe kwa nini mvua yake inanuka vumbi ilhali mtunzi anasema imenyesha mwezi mzima. Sifa hizi hazitolewi kwa ubaya. Ni adabu, na adabu ni jambo jema mezani. Katika utungaji, msomaji anayesifu asichokisoma amemdhulumu mtunzi.

Mwanafunzi wa Keumbu ndiye anayepoteza zaidi. Yeye amekwisha kuzoea kuandika kwa kupewa mada. Katika mtihani wa KCSE karatasi ya kwanza ya Kiswahili ni ya insha: mtahiniwa huandika mbili, ya lazima na ya kuchagua, kila moja ikiwa na alama 20 na maneno yasiyopungua 400. Ameandika insha za methali, na insha zinazoanzia au kumalizikia kwa maneno aliyopewa, hata mkono ukafanya kazi peke yake. Kwa ajili ya mtahini alikariri pambo baada ya pambo: jua lililochomoza likitabasamu, ndege walioimba kwa sauti za kinanda, moyo uliodunda mithili ya ngoma. Mtahini alipewa lugha aliyoitarajia, naye akatoa alama. Basi shindano la mtandaoni linapomtaka aandike juu ya asubuhi, analitoa lile lile jua linalotabasamu, na hapana wa kumwambia kwamba katika nyanda za juu za Gusii, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, asubuhi nyingi jua halitabasamu kamwe. Hujificha nyuma ya ukungu hata chai iliyochumwa imeshapimwa.

Kuna jahazi pia. Si ajabu kukuta shairi la mtunzi wa Gusii limejaa mawimbi, nahodha, tanga na pepo za kusi. Ziwa Viktoria liko karibu naye kuliko bahari, na hata hilo pengine halijui vizuri. Amejifunza kwamba ushairi wa Kiswahili unanuka chumvi, akadhani asipotia chumvi si ushairi. Kosa hili halitokani na uvivu. Vitabu alivyopewa kama vielelezo vya utungo bora viliandikwa na watu wa pwani waliokuwa wakisema yao, kwa maneno yao. Somo alilopaswa kulipata kwao ni kwamba mtunzi husema ya kwao. Alichokipata ni jahazi.

Abdilatif Abdalla, katika Sauti ya Dhiki iliyotolewa mwaka 1973, ana shairi liitwalo "Mnazi: Vuta N'kuvute", ambamo ndugu wawili wanabishana juu ya mnazi. Linafundishwa sana, na hufafanuliwa kwa kueleza maana yake ya kisiasa, nayo ni kweli. Mtu wa Keumbu ana sababu nyingine ya kulielewa. Kisii na Nyamira ni miongoni mwa sehemu za mashambani zenye msongamano mkubwa wa watu nchini Kenya. Mashamba yamegawanywa baina ya wana na wajukuu hata mengine yamekuwa vipande vyembamba vinavyoteremka mlimani kama riboni, na ndugu wawili wanaogombania mti ulio mpakani si fumbo kwake. Ni jirani zake. Tuseme mada ya juma ingekuwa kulijibu shairi hilo, na badala ya mnazi mtunzi akaweka mgomba. Mnazi huishi miaka mingi na mwenye nao hurithiwa pamoja nao. Mgomba huzaa mara moja, ukakatwa, na chipukizi lake huota pembeni, pengine upande wa pili wa mpaka. Ugomvi wenyewe umebadilika. Hoja za ndugu zimebadilika. Mwanafunzi aliyeliona hilo amefundishwa kusoma na kutunga kwa wakati mmoja, tena hakulazimika kupanda jahazi.

Suala la msamiati nalo lingepata uhai. Mboga iitwayo chinsaga kwa Ekegusii ina jina katika Kiswahili, mgagani, na mtunzi mwangalifu ataulizwa kwa nini asilitumie. Jibu si jepesi. Mgagani ni neno la kamusi, na msomaji wa Tanga au Unguja analijua. Chinsaga ni ile chungu inayopikwa polepole na kutiwa maziwa, inayoliwa kwa ugali wa wimbi, anayopikiwa mgeni au mzazi aliyejifungua. Je, ni mmea mmoja au ni vitu viwili? Kamusi haiwezi kulimaliza swali hili. Beti mbili zinazojibizana, moja ikishika mgagani na nyingine chinsaga, zinaweza, kwa sababu kila upande utalazimika kuonyesha neno lake linabeba nini. Kiswahili hakikufika hapa kwa kuogopa maneno ya jirani.

Ekegusii ni lugha ya Kibantu, na mwenye kuizungumza ana hazina ambayo mara nyingi hufundishwa kuionea haya. Asemaye omonto na abanto hahitaji kufafanuliwa sana kuhusu mtu na watu. Upatanisho wa ngeli umo masikioni mwake. Penye tofauti napo pana somo. Ekegusii ina irabu saba, Kiswahili kina tano, na sauti kama f, v na z, zilizo za kawaida katika Kiswahili, hazimo katika orodha yake. Mtunzi anayejisikia hodari wa vina akimsomea mwenziwe kwa sauti atagundua kwamba vina vyake vingine vinalingana kwa jicho tu. Ajuaye hili hulitambua kwa kujibiwa. Katika jopo la waamuzi wasiotoa sababu, atagundua tu kwamba hakushinda.

Nje ya Afrika Mashariki kuna mfano unaostahili kutazamwa. Mwaka 1999, huko California, Chris Baty na wenzake, wote pamoja 21, waliazimia kila mmoja aandike riwaya ya maneno 50,000 kwa mwezi mmoja. Zoezi hilo, lililojulikana kwa jina la NaNoWriMo, likaenea duniani na kuwavuta watu kwa malaki. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: fikisha idadi ya maneno, nawe umeshinda. Hapana shaka liliwaondolea wengi hofu ya ukurasa mtupu. Lakini mwaka 2024 likaingia katika ugomvi mkali kuhusu akili unde, au akili mnemba kama iitwavyo Tanzania, kwa kukataa kuilaani, na mwaka 2025 likatangaza kufungwa, uhaba wa fedha ukitajwa miongoni mwa sababu. Ugomvi ule haukuwa sababu pekee ya kifo chake. Hata hivyo ulifichua udhaifu uliokuwamo tangu mwanzo, kwamba shindano linalohesabu maneno halina la kusema mashine inapoweza kuandika maneno 50,000 kabla ya chai kupoa.

Tatizo hilo limekwisha kubisha hodi kwetu. Mada ya "Mvua" ikitolewa, programu ya kompyuta itatoa beti tano za tarbia, mizani ikipungua hapa na pale, jua likitabasamu kama kawaida yake. Tena itafanana sana na utungo wa mwanafunzi aliyekariri, na hilo ndilo linalopasa kuumiza zaidi. Waandaaji wanahangaika kutafuta namna ya kuwanasa wadanganyifu. Njia ya kale ingewapunguzia kazi. Mtunzi aliyetakiwa kumjibu mtu fulani, juu ya mgomba fulani, kwa vina vya mtu huyo, akijua kwamba mtu huyo atajibu tena juma lijalo na kuuliza maswali, hawezi kuificha mashine kwa muda mrefu. Anaweza kuitumia, ndiyo. Atakapoulizwa chinsaga yake ilipikwa na nani, atalazimika kwenda kuuliza jikoni.

Kuna watakaosema kwamba majibizano mtandaoni huishia kwenye matusi. Wana haki ya kuogopa. Kila aliye na simu ameshuhudia. Malumbano ya kale nayo hayakuwa ya watu wapole, na kejeli za Muyaka si za kumsomea mkwe. Kilichowazuia watu wasivuke mpaka ni umbo. Anayelazimika kumtukana mwenziwe kwa mizani 16 kila mshororo, akitunza kina cha kati na cha mwisho, mara nyingi hasira humwishia kabla ya ubeti wa pili, na kinachobaki ni hoja. Matusi hupenda maneno machache na haraka. Ndiyo sababu juma moja ni kipimo kizuri. Jawabu la papo kwa papo ni la ulimi, na jawabu la gazeti la zamani, lililopita posta, lilichukua majuma hata watu wakasahau swali. Siku saba zinatosha kutafuna bila kusahau ladha.

Wengine watauliza vipi kuhusu hadithi fupi na mashairi huru, kwa kuwa tangu Kezilahabi atoe Kichomi mwaka 1974 si kila mtunzi anayefungwa na vina. Hadithi hujibiwa pia. Mmoja akisimulia foleni ya hospitali kwa macho ya mama aliyembeba mtoto mwenye homa, mwingine aisimulie kwa macho ya muuguzi aliyekuwa zamu tangu jana usiku. Mashairi huru yanajibiwa kwa taswira. Mwenye kutaka kujibu hakosi njia, ili mradi amesoma. Gharama ya bando nayo hutajwa, na kwa mwanafunzi wa mashambani si jambo dogo. Maandishi matupu, yasiyo na picha wala video, ndiyo yanayokula kidogo kuliko vyote, na hapo ushairi una bahati kuliko sanaa nyingi.

Kisii si mgeni wa mikutano ya washairi. Tamasha la kimataifa la Kistrech, lililoanzishwa na Christopher Okemwa, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kisii, limewaleta watunzi wa mataifa mengi katika mji huo tangu mwaka 2013. Vyama vya Kiswahili navyo vina Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021. Fulana hushonwa, hotuba husomwa, mashairi ya kuisifu lugha hukaririwa. Kiswahili kimesifiwa vya kutosha kwa mwaka mzima katika siku hiyo moja. Majuma 51 yaliyobaki ndiyo yasiyo na mwenyewe, na shindano la kila wiki lingeweza kuyachukua kama vyama vya wanafunzi vingelishika badala ya kuliachia kila mwenye simu.

Kinachohitajika ni kubadilisha kanuni chache. Juma la kwanza mtunzi atupe utungo wake, chini yake aandike jina, lakabu na mahali atokapo kama ilivyo gazetini. Juma la pili asiruhusiwe kutuma kipya hadi amjibu mmoja wa wenziwe, na aliyejibiwa awe wa chuo kingine kila inapowezekana, wa Dodoma amjibu wa Kisii na wa Unguja amjibu wa Kampala. Wahadhiri waingie kama washiriki, si kama majaji tu, maana mwanafunzi aliyemjibu mwalimu wake kwa vina vyake hatamsahau. Zawadi, ikiwapo, iende kwa jozi. Jarida la chama nalo lichapishe utungo na jawabu lake katika ukurasa mmoja, upande kwa upande, ili msomaji aone mjibuji aliposhika na alipoponyokwa. Mada ya kwanza inaweza kuwa chinsaga, na watu wa mgagani wapewe juma zima la kujitetea.